Barua Iliyolowa

...lakini kwa nini karatasi imelowa na viatu vya Bibi Oysha ni vikavu, hilo ndilo linalomsumbua Sadbarg, amesimama nyuma ya mlango na mnyororo hajaufungua, unga umemganda mikononi mpaka kwenye viwiko, na katika upenyo wa mlango kuna pua ya Bibi Oysha wa ghorofa ya chini, shali yake ya sufu, na vidole viwili vimeshika karatasi iliyokunjwa pembetatu, "chukua basi, binti yangu, mkono unakufa ganzi," na Sadbarg anasema, "imetoka kwa nani?" na bibi anasema, "imeshuka mbinguni na theluji, wewe chukua tu," mbinguni, kana kwamba huko kuna madaftari ya hesabu, maana karatasi ni ya vijimraba, ameshaiona... haichukui, nani mjinga wa kupokea karatasi asubuhi ya theluji ya kwanza hapa Dushanbe, hata mtoto anajua, ukiipokea barua ya theluji na aliyeileta akatoroka umekwisha, utapika pilau umlishe aliyekuandikia, ila ukimkamata kabla hajatoroka mambo yanageuka, anapakwa masizi usoni na aliyemtuma ndiye anayepika, na sasa Bibi Oysha atatoroka vipi na magoti yale, ngazi za ghorofa moja tu zinamchukua muda wa birika kuchemka, ni nani mwenye akili zake atakayemtuma mtu wa namna hiyo... na kule jikoni donge la mkate limeshaumuka, litafurika bakuli, na soksi za watoto zinaning'inia juu ya bomba la joto ambalo halijapasha kitu tangu wiki iliyopita, watakwenda shule kesho na soksi mbichi, na dirishani theluji inaendelea tu, imefunika miti yote ya michinari ya barabarani, basi la umeme limekwama pale kona na abiria wameshuka wanalisukuma, wanacheka, siku ya kwanza watu hucheka, ngoja ifike siku ya ishirini... karatasi imelowa, kwa hiyo imetoka nje leo hii, mtu ameishika na glavu zenye theluji, na bibi hajatoka, kwa hiyo mtu huyo yuko chini, jikoni kwa bibi, sasa hivi, "unatafuna nini, Bibi?" anauliza, na bibi anaacha kutafuna, "sitafuni," anasema, "nasali," na harufu ya halua inaingia kwenye upenyo, halua nyeupe ya Khujand, Bibi Oysha hajanunua halua tangu meno yamtoke, kaletewa, na pembetatu ile ncha yake imechomekwa ndani bila gundi, duniani Sadbarg anamjua mtu mmoja tu anayekunja hivyo na anayekaa Khujand, na miaka minne hajamsemesha.

Dada Mavluda, kwa hiyo, Dada Mavluda amevuka milima na halua, amekuja kutafuta nini, miaka minne tangu mama afie kwake katikati ya Januari, na simu ile ya asubuhi, "usije, mdogo wangu, theluji imefunga njia, hakuna gari linalopita, tunazika leo," na wakazika kabla jua halijazama kama inavyotakiwa, yeye huku ameketi ukingoni mwa kitanda na koti mwilini, amevaa tayari, amevaa mpaka jioni, na wiki mbili baadaye sokoni dereva anafunga kamba mizigo yake na kusema tu, bila kuulizwa, kwamba siku ile njia ilikuwa wazi mpaka saa sita mchana, yeye mwenyewe alipita... gari lilipita, je, Mavluda alijua, au hakujua, au alijua akaona mama asisubirishwe mpaka jua lizame, na jua lenyewe lilikuwepo siku hiyo... "Sadbarg, binti, nimesimama hapa mpaka nimekuwa mlango wa pili," anasema Bibi Oysha, "chukua au nifukuze, moja," na Sadbarg anasema, "subiri," kwa sababu kuna kitu kinamtekenya akilini, magoti, hayo magoti... kwa nini mjumbe huyu... kumbe ilishawahi kuwa hivi, yeye ana miaka minane, amevaa viatu vya mpira vya baba vinavyompwaya, Mavluda ana miaka kumi na miwili na anamkabidhi pembetatu, "mpelekee Saodat wa jengo la pili," Saodat mjane, aliyekuwa hacheki na mtu wala hapokei hata kipande cha mkate cha jirani, na mtaani walikuwepo watoto wanaokimbia kama paka, akatumwa yeye, akajikwaa ngazi ya tatu, Saodat akamshika ukosi, akampaka masizi ya jiko paji lote la uso, na akacheka, jengo zima lilisikia, na kesho yake mama akavuka uwanja wenye theluji na sufuria la pilau kichwani linalofuka mvuke, "tumeshindwa, jirani, tumeshindwa, fungua," na Saodat akafungua mlango wote na kupokea kwa mikono miwili bila kuinamisha macho, kwa sababu ameshinda, na watoto wake watatu wakala mpaka wakalala palepale mezani... na yeye Sadbarg alinuna siku nne, "ulijua nitaanguka!" na Mavluda akamjibu, "ndiyo, nilijua," basi, hakueleza zaidi, na miaka thelathini na mitano yeye akadhani ile ilikuwa dharau.

Alitaka kushindwa... alimtuma anayeanguka kwa sababu alitaka kushindwa. "Bibi," anasema Sadbarg, na sauti imemtoka ndogo, "aliyekutuma ana magoti mazima?" na bibi anasema, "mazima, kapanda ngazi kama mbuzi," "mbona hakuja mwenyewe?" na Bibi Oysha anafikiri, anameza kile alichokuwa anakisali, "anaogopa utamkamata," anasema, "au anaogopa hutamkamata, mimi nijue nini, nimepewa halua nikaambiwa panda, usikimbie"... usikimbie, na Sadbarg anajiona tayari jikoni, Mavluda amekaa kwenye kile kiti kifupi na lundo la karoti mbele yake, kisu ni butu, hakijanolewa tangu vuli, itamchukua saa nzima, na mtu anayekata karoti za pilau hawezi kuinuka akaondoka, macho yake yako kwenye kisu, hapo atamuuliza lile gari, atauliza kwa sauti ya kawaida kama anayeuliza chumvi, na atasikiliza, kwa sababu pilau haifuti swali, lakini miaka minne amekuwa akiuuliza ukuta... mnyororo bado uko mlangoni, barua bado imekunjwa, na mkono wa Sadbarg unapita katika upenyo, unaipita karatasi, unashika pindo la shali ya sufu na kuliacha na alama tano za unga.

"Nimekukamata, Bibi."

"Alhamdulillahi," anasema Bibi Oysha, na anasogeza shavu kwenye upenyo, "leta masizi."