Karatasi za Rangi Tatu

Kijerumani kina vituko vyake, lakini kikubwa ni hiki: kila kitu lazima kitanguliwe na kineno chake, der, die au das, na usitafute sababu. Unakariri tu, basi. Muuguzi alikariri kwa vipande vya karatasi za kunata: buluu ni der, nyekundu ni die, kijani ni das. Alivibandika nyumba nzima, kuanzia saa ya ukutani hadi ndoo ya bafuni, na kila akitoka zamu, macho yakifumba kwa uchovu, alipita akivitaja kwa sauti. Hospitali ya Ujerumani ilikuwa imemwekea nafasi, mradi afaulu mtihani wa lugha. Alishafeli mara moja. Wa pili ulikuwa wa mwisho.

Waliishi wawili, yeye na mama yake. Kiharusi kilikuwa kimemwachia mama mkono mmoja tu, na kiti cha magurudumu. Kusoma hakujua, ila masikio yake yalikuwa mazima. Kila akiogeshwa alimsikia binti yake akirudia vitenzi: ich gehe, du gehst, er geht.

"Neno gani hilo, mwanangu? Kila siku hilo hilo."

"Kwenda, mama. Mimi naenda, wewe unaenda, yeye anaenda."

"Mimi siendi popote."

"Mama mdogo atakuja kukaa nawe. Tulishaongea."

Huyo mama mdogo mwenyewe alikuwa bado anajiumauma.

Mtihani wa pili nao akafeli, na nafasi ikaenda kwa mwingine. Mwalimu wake wa lugha, aliyekuwa akimwona mwanafunzi hodari, alimkalisha akamuuliza vineno vya vitu vya nyumbani, kimoja kimoja. Taa, sawa. Saa, sawa. Pazia, sawa. Meza, akakosa. Mlango, ndoo, kijiko, kikombe, vyote akakosa, tena bila kusita.

Alirudi nyumbani na kitabu mkononi, akalinganisha. Meza, ambayo ni der, ilikuwa na karatasi nyekundu badala ya buluu. Mlango, ambao ni die, ulikuwa na ya kijani, chini ya kitasa. Bila shaka karatasi zilihamishwa mojamoja tangu wiki ya kwanza, kabla hajazizoea. Vya juu vyote vilikuwa sahihi. Vilivyovurugwa vyote viliishia pale unapofika mkono wa mtu aliyeketi.

Alimchukia mama yake. Alisimama jikoni akimchukia hadi maji ya kuoga yakachemka, kisha akayapoza, akayabeba, akaanza kumwogesha kama siku zote.

"Leo husemi yale maneno yako?" mama aliuliza.

"Yamekwisha, mama."

Mama hakuuliza yamekwishaje. Alianza kulia polepole, bila kujificha. Muuguzi alimfuta mgongo, akamvisha, akainama amnyanyue. Mama akamkumbatia shingoni kwa ule mkono wake mmoja, akamshika kwa nguvu, na hata alipokwisha kulazwa kitandani hakumwachia.