Remise za Jaji Anselme

Nimetembea miji mingi. Nimeona majaji wala rushwa, majaji walevi, hata mmoja aliyekoroma kesi ikiendelea. Hakuna aliyenichefua kama Jaji Anselme wa hapa Bunia. Huyu hakula cha mtu. Alikuwa mwoga tu, na woga wake ndio uliompandisha cheo.

Ujanani, kule Kisangani, alitoa hukumu moja ikavunjwa kwenye rufaa. Wenzake wakamcheka. Tangu hapo hakukata neno tena. Kila kesi kwake ilikuwa remise, yaani isukumwe mbele. Wakili ana mafua, remise. Mvua inapiga bati, watu hawasikilizani, remise. Wakubwa wa Kinshasa wakitazama kazi yake wanakuta miaka na miaka hakuna hukumu iliyovunjwa. Wanasema: huyu bingwa! Itavunjwaje isiyokuwapo?

Mama Angèle, mjane aliyetoka Kpandroma kuolewa hapa Bunia, alimshitaki shemeji yake Gauthier, aliyemfukuza katika nyumba ya marehemu na kuifunga kufuli apate kuiuza. Mama akawa analala na binti zake katika jiko la parokia. Wakili wa Gauthier akaomba jaji aende akione kiwanja. Na kwetu hapa, anayeshitaki ndiye anayemtafutia jaji usafiri. Mama akaleta pikipiki.

"Mama, miye Président wa mahakama nipande pikipiki na toga?"

"Vua toga, Papa Président. Kiwanja hakitazami nguo."

Watu wakacheka. Jaji akanuna. "Remise!"

Mama akahangaika, akaleta lori lililotoka kushusha makabichi. Jaji akafunika pua kwa kitambaa. Remise.

Mara redio ikatangaza kwamba Anselme amepanda cheo, anakwenda Kinshasa. Mama akashika kichwa, maana jaji akibadilishwa kabla ya hukumu, kesi inaanza upya tangu neno la kwanza. Siku ya kumuaga, akaingia moja kwa moja chini ya hema uani mwa tribunal, palepale mahakamani, katikati ya soda na hotuba za sifa.

"Papa Président, sema neno moja. Hata kama nimeshindwa, sema!"

Jaji akapangusa mafuta mdomoni. "Mama, mambo ya sheria hayakimbizwi."

"Hayakimbizwi. Na kutambaa, hayatambai?"

"Atakayekuja atakusikiliza. Remise."

Akiwa na paja la mbuzi mkononi! Na wale wasomi wakapiga makofi.

Mama hakulia. Alinigeukia miye niliyekuja kwa ajili ya nyama. "Muzee, weye unaweza kubeba godoro?"

Alasiri ileile tulivunja kufuli. Godoro halijafika chumbani, Gauthier huyo mlangoni, anatokwa povu.

"Shemeji, toka! Hii nyumba iko mu tribunal!"

"Ndiyo, iko mu tribunal. Basi enda ushitaki, shemeji. Na usisahau kumutafutia jaji gari."

Gauthier alishitaki kweli. Sasa yeye ndiye anayezunguka na funguo za magari ya watu, akimbembeleza jaji mpya, Baudouin, ambaye leo ana homa, kesho toga yake iko kwa fundi. Anselme, nasikia, anafundisha majaji vijana. Mungu awasaidie. Mama Angèle amepanda maharagwe mpaka kwenye uzio, na kila remise ikitangazwa anasimama, anaitikia kwa sauti ya kanisani: "Asante, Président."