Sketi Iliyofumuliwa Kiunoni

Mama yangu ni fundi cherehani, na fundi hahitaji kumuuliza mtu amenenepa wapi. Anatupa jicho mara moja tu, kiuno chako kishajulikana. Ndiyo maana hakuniuliza. Asubuhi moja nilikuta sketi yangu ya shule imewekwa kitini, kiuno kimefumuliwa na kushonwa upya, kimeongezwa kidogo. Nikaivaa, ikanitosha, nikaenda shule. Baada ya muda akaiongeza tena. Hakusema neno, nami sikusema asante.

Nilikuwa na miaka kumi na mitano na nyumba nzima iliniita Sindano, kwa wembamba. Tumbo peke yake ndilo lililolikataa jina hilo. Lilivimba chini ya kitovu, gumu, na kila mwezi lilinikata kwa siku chache mpaka nikawa nalala nimejikunja chini ya meza ya kukatia nguo. Kisha linatulia, nainuka, naendelea. Hedhi nilikuwa sijaiona hata mara moja. Pakiti ya taulo za kike aliyoninunulia mama mwaka uliopita ilikaa kabatini na plastiki yake. Mama alikuwa akiichungulia nikiwa shule. Kwake pakiti ile ilikuwa imeshatoa ushahidi.

Sketi ilipoishiwa kitambaa cha kuongezea kiunoni, ndipo aliponena.

"Nani?" aliuliza, pini zikiwa mdomoni.

"Nani nini?"

"Usinifanye mtoto mdogo. Mwenye hilo tumbo ni nani?"

"Hakuna mtu, mama. Sijawahi."

"Wote huwa wanasema hivyo."

Akanunua kipimo cha mimba kwenye duka la dawa. Kipimo kikasema hapana. Mama akasema vipimo vya siku hizi havina maana, akakitupa. Akamwita shangazi, dada wa marehemu baba, ambaye alinizunguka kama anakagua kabati la mnada, kisha akatoa hukumu: muhula ukiisha, shule basi, na huyo mwanamume atafutwe. Mwanamume gani? Hilo nalo nikaambiwa nilijua mwenyewe.

Niliapa mpaka nikachoka kuapa. Maneno yakaniishia, si kwa hasira, yaliisha tu kama sabuni. Nikawa nafua, nasonga ugali, naenda shule, kama mwili ni wa mtu mwingine na mimi nimeachiwa kuutunza. Mama alipofoka nilisikia sauti tu. Hata muhula ulipokaribia kuisha sikuogopa, na hilo ndilo lingepaswa kunitisha.

Kisha siku moja nilikaa chooni mkojo ukagoma kabisa. Mama aliniona jasho linavyonitoka, akafunika cherehani, tukaenda kliniki inayotibu wasichana.

Daktari alikuwa mwanamke mfupi mwenye sauti ya chini. Mama hakungoja hata tukae.

"Mimi nataka kujua ina miezi mingapi tu, daktari."

"Mama, naomba utusubiri nje kidogo."

"Mimi ndiye mzazi wake."

"Najua, mama. Ila hapa kwangu mgonjwa huongea kwanza akiwa peke yake."

Mama akatoka amevuta mdomo. Daktari akavuta kigoda, akakaa mbele yangu, akaniambia nimweleze. Nikamweleza yote kama mtu anayesoma kibao cha barabarani. Nilipofika kwenye "sijawahi", nikanyamaza nimsubiri aseme kwamba wote huwa wanasema hivyo.

"Sawa," alisema. "Na maumivu yalianza lini?"

Hivyo tu. Alikuwa ameshapita hapo.

Kwanza aliniwekea mpira wa kutolea mkojo, nikapumua. Akanipaka mafuta ya baridi tumboni, akatazama kwenye kioo cha mashine. Halafu akasema anahitaji kuangalia pale chini, kwa nje tu, hataingiza kitu, na nikisema basi ni basi. Sikusema basi. Niliangalia dari. Haikuchukua muda.

"Una utando umeziba njia," alisema akinifunika shuka. "Umezaliwa nao. Hedhi yako imekuwa ikija kila mwezi, ila haina pa kutokea. Hicho kilichojaa humo ni damu. Tutaufungua leo leo kwa upasuaji mdogo, utakuwa umelala."

"Hakuna mtoto?"

"Hakuna mtoto. Na hakuna kosa ulilofanya."

Nilidhani nitalia. Badala yake nikauliza kama naruhusiwa kuvaa.

"Nimweleze mama yako, au utamweleza mwenyewe?"

"Mweleze wewe," nikasema. "Mimi nilishamweleza."

Mama alisikiliza akiutazama ukuta. Hakunitazama mimi. Mwisho aliuliza kama nitakuja kuzaa, daktari akamwambia haoni cha kuzuia. Nikachomwa sindano ya usingizi. Nilipoamka tumbo lilikuwa limelala, na nikaifungua ile pakiti ya kabatini, ambayo mama alikuwa amenifuatia nyumbani. Alinikabidhi kama anamkabidhi mteja nguo yake.

Tuliporudi nyumbani aliibana sketi ikarudi ilivyokuwa. Shangazi alipiga simu kusema yeye alihisi tangu mwanzo kwamba ni ugonjwa. Neno samahani halikutoka kwa yeyote, nami sikulisubiri. Nilikula, nikalala, nikarudi shule.

Jumamosi moja nilikuwa nikimsaidia mama kufunika vifungo kwa kitambaa. Alikuwepo mteja, mwalimu, akisubiri blauzi yake, naye akauliza habari za ugonjwa wangu.

"Watu walisema mengi," mama alimjibu, mguu ukiendelea kukanyaga cherehani. "Mimi wala sikubabaika. Mwanangu namjua."

Nilikuwa nimezamisha mkono kwenye mfuko wa vipande, natafuta kitambaa laini. Kikaja kigauni. Kimeshakwisha kushonwa, kina kamba za kufungia mgongoni, kimekatwa kutoka shuka langu la utotoni lenye maua ya njano. Mishono yote ilikuwa imetazama nje, isimkwaruze mtoto mchanga.

Cherehani ikanyamaza.

"Jamani, kizuri!" mwalimu akasema. "Cha nani?"

Mama akainuka kukifuata.

"Cha mtoto wangu," nikasema. "Mama alimshonea."

Mwalimu akacheka, akidhani ni utani, kisha akaacha. Mama akakinyakua, akachukua wembe, akaanza kutafuta uzi wa kwanza wa kufumua. Na hapo ndipo hasira ilipokuja, yote kwa pamoja, ya miezi yote ile, ikanipanda mpaka masikio yakawaka. Nikamshika mkono.

"Usikifumue, mama. Kitundike hapo mlangoni na nguo za wateja."