Bwana Harusi Ndani ya Friji

Mjukuu alipokwenda kambi ya shule, alimwachia bibi yake aksolotli: mnyama wa majini mfano wa mjusi, mweupe, mashungi mekundu pande mbili za shingo, na mdomo uliokaa kicheko saa zote. Ndiyo maana nyumbani walimwita Bwana Harusi.

"Bibi, nimkute mzima," mtoto alisema, machozi yakimlengalenga. Bibi akaapa.

Kesho yake tu Bwana Harusi akasusa minyoo yake. Bibi aliinama mpaka miwani ikagonga kioo cha tangi. Ncha ya mkia imejikunja kama ndoano, mashungi yamepinda kuelekea usoni.

"Huyu anaumwa."

"Anaumwa wapi na anacheka vile?" babu akasema.

"Wewe ulipotegua nyonga si ulikuwa ukiwachekea wageni?"

Sasa, bibi alikuwa amelea watoto saba, na mgonjwa kwake alikuwa na dawa moja: joto. Akalifunika tangi kwa blanketi, akalisogeza dirishani penye jua, akaliimbia. Ilipofika mchana Bwana Harusi alikuwa anaelea ubavuubavu, na bado anacheka. Bibi akampigia simu daktari wa mifugo.

"Anacheua?"

"Hata kutafuna hatafuni."

"Kwato zikoje?"

"Daktari, huyu ni aksolotli, ana vidole! Anaishi majini."

"Ahaa. Na hayo maji yakoje?"

"Ya uvuguvugu. Nimemfunika blanketi."

"Mama, unampika. Huyo ni wa baridi. Mtie kwenye chombo cha maji yaliyolala ndooni, umweke kwenye friji, chini ya sehemu ya barafu, asigande. Maji ubadilishe kila siku."

Bibi akakaa chini. Angemwambia nini mjukuu wake? Kisha akainuka: nyanya nje, maziwa nje, sufuria ya maharage nje. Rafu ya katikati ikawa wodi, na hakuna kufungua mlango bila hodi.

Babu, kiu imemkaba, akasimama mbele ya friji, kofia mkononi.

"Hodi."

"Amelala," bibi akamjibu.

"Nataka maji ya kunywa tu, mama watoto!"

"Polepole basi. Na umsalimie."

Babu akaingiza kichwa. "Hujambo, bwana? Miaka yote ya ndoa sijatunzwa hivi. Ukipona, niachie nafasi."

Siku mjukuu aliporudi, bibi alikuwa mbele ya friji, mnyoo unaning'inia kwenye kibanio. "Kula, mwanangu, usiniaibishe." Geti likalia. Hatua zikaja mbio.

Chap! Mnyoo haupo.

"Bibi! Tangi liko tupu! Yuko wapi?"

"Kwenye friji," babu akasema.

Mtoto akapiga yowe.

"Mzima! Amekula sasa hivi!" bibi akawahi. Mtoto akauvamia mlango.

"Hodi kwanza!" babu akafoka.

Mtoto akachungulia, akashusha pumzi. "Kumbe alikuwa anaumwa? Mbona anacheka?"

"Mdomo wake usiuamini," bibi akasema, akijifuta macho kwa kiganja. "Mtazame mkia."