Kikombe cha Tatu cha Gebeyehu

Faili la orodha ya fidia ya nyumba za kubomolewa lilikataa kubadilishwa. Programu yake ilikuwa imefungwa, lakini kila aliyejaribu kugusa jina aliambiwa na kompyuta kwamba faili linatumiwa na Gebeyehu. Gebeyehu, karani wa orodha hiyo, alikuwa amezikwa kabla ya Timkati, sikukuu ya Ubatizo ya Januari.

Binyam, fundi wa kompyuta katika ofisi ya ardhi ya mtaa wetu hapa Addis Ababa, alizima mashine zote akaziwasha. Akafuta akaunti ya marehemu. Akanakili faili, na nakala nayo ikaleta jina lile lile. Ndipo akaenda kwenye meza ya dirishani, akamkuta Gebeyehu ameketi na sanda yake, kidole juu ya kibodi, anatafuna bisi.

"Kaka, programu si umefunga?"

"Nimefunga. Faili ndilo sijaliachia. Mkubwa anataka kumtoa Asnakech, amwingize shemeji yake."

Asnakech ndiye aliyepika kahawa ya ofisi. Nyumba yake ilikuwa kwenye njia ya barabara mpya. Alikuwa amemmiminia Gebeyehu kikombe cha kwanza na cha pili, kama anavyomiminiwa yeyote aliyeketi. Cha tatu alikizuia. Cha tatu ni baraka: anayekinywa huaga akaenda zake, na kukikataa ni kumtukana aliyepika.

Ato Zewdu, mkubwa wa ofisi, akatoka chumbani kwake.

"Binyam, umeshindwa na maiti?"

"Mkubwa, huyu hana swichi ya kumzimia."

"Asnakech, mpe cha tatu."

"Nyumba yangu imo humo, Ato Zewdu."

"Na kazi yako imo humu. Mimina."

"Usimimine, dada," Gebeyehu alisema.

Asnakech alikuwa na watoto shuleni. "Nisamehe, kaka," alisema, akamimina.

Gebeyehu alikunywa mpaka machicha. Akarudisha kikombe kwa mikono miwili, akaaga kila mtu, Ato Zewdu pia, akatoka kwa mlango wa mbele. Faili lilifunguka mara moja. Binyam akaripoti kwamba tatizo limekwisha.

Asnakech alivunjiwa vyumba viwili, jiko la nje, na mgesho, mti wa kutilia pombe ya nyumbani, uliopandwa na mama yake. Fidia hakupata. Kazi ya kahawa alibaki nayo mpaka Pasaka, shemeji wa Ato Zewdu alipomtafutia mkewe kitu cha kufanya.