Waya Mnene wa Kasereka

Kasereka aliuza sabuni kwa jumla. Alipochoka na foleni za petroli, alinunua gari la umeme, kuukuu kidogo, lililopitia Zambia, akamwambia mkewe Kyakimwa na binti yao Graciella kwamba wamepumzika.

Lakini umeme wa nyumbani ulikuwa dhaifu. Gari lilishinda limechomekwa bila kujaa. Fundi Laurent akamvutia waya mnene moja kwa moja kutoka kwenye nguzo.

"Patron, usichaji saa bantu banapika," alionya, akionyesha transfoma ya mtaa. "Cabine iko ya zamani, na inalisha avenue muzima."

Kasereka alichaji saa aliyotaka. Kila alipochomeka, taa za majirani zilififia. Précieuse, jirani muuza samaki wa barafu, akaja kubisha.

"Papa Graciella, samahani. Congélateur yangu haishike baridi tena. Samaki zinalainika."

"Mi nalipa facture yangu ya umeme, mama."

Aliporudi mara ya pili hakusalimu. Alisimama getini, akautazama ule waya, akaondoka.

"Achana na hii mutuka," Kyakimwa alimwambia mumewe, akilinyoshea gari kidole. "Bantu banatuangalia mubaya."

"Batazoea."

Alasiri moja ya mvua, gari likiwa linachaji, cabine ilipasuka kwa mshindo na kufuka moshi mweusi. Avenue nzima ikazimika. Kasereka alingoja matusi. Watu walitoka nje, wakautazama moshi, kisha wakageuka kutazama geti lake.

Précieuse alimwaga samaki wote mtaroni. Majirani wakachanga kununua cabine nyingine. Kasereka alipopeleka mchango wake, Précieuse, aliyekuwa akikusanya pesa, aliusukuma nyuma.

"Beka tu feza yako, papa," alisema kwa upole.

Umeme uliporudi, nyumba zote ziliwaka isipokuwa yake. Kule juu ya nguzo, waya wake ulikuwa umekatwa.

Kyakimwa akafunga mizigo. "Twende kwa dada yangu, kule Kasapa. Leo."

Chaji iliyobaki ilitosha kwenda tu, si kurudi. Walitoka polepole, Graciella akiwa kwenye kiti cha nyuma, wakapita katikati ya majirani waliosimama huku na huku. Gari halikuunguruma, hivyo wote watatu walisikia mnyororo ukiburutwa nyuma yao, kwenye geti lao, kisha kufuli likibanwa.

"Papa, nani anafunga kwetu?" Graciella aliuliza.

Kasereka aliendelea kuendesha.