Mtoto wa Saa ya Makabidhiano

Haya alinieleza Fundi Cherehani mwenyewe, mwezi uliopita, akinipima gauni. Pini zilikuwa zimemjaa mdomoni, kwa hiyo alisema kwa pembe ya mdomo, kama mtu anayesengenya. Ya mwisho kabisa sikuyapata kwake. Nilielezwa na jirani yake wa ukutani, wanayetenganishwa na ukuta mmoja tu, kwa sababu wakati huo Fundi alikuwa hasikii.

Mimba ya Fundi ilipokuwa kubwa kiasi cha kumzuia kuinama, nyumba iligawanyika juu ya mahali pa kuzalia. Mama mkwe alitaka hospitali kubwa, ile yenye ukuta wa kijani. Fundi hakuitaka hata kwa dawa. Mumewe, dereva wa lori, hakusema kitu, na hakuna aliyetegemea aseme.

Sababu ya Fundi ilijulikana mtaa mzima. Watoto wanaozaliwa hospitali kubwa hawalii. Hutoka na maneno ya mwisho yaliyosemwa juu ya vichwa vyao, kwa sauti ya aliyeyasema, na huyarudia mchana na usiku mpaka wajifunze kusema ya kwao. Ukipita vichochoroni utawasikia. Kwa muuza mkaa: "Sukuma, mvivu wewe!" Kwa mwalimu: "Ulipokuwa unaitafuta hiyo mimba ulipiga kelele?" Mke wa kinyozi alijifungua mapacha, wa kwanza husema, "Haya, shuka kitandani," na wa pili, "Kumbe kuna mwingine?" Watu wamezoea. Mgeni akija, mama husema samahani, huyu ni wa zamu ya usiku, na mazungumzo yanaendelea.

Hata mume wa Fundi alizaliwa humo humo. Aliambiwa "Nyamaza!" Alilisema neno hilo utoto wake wote mpaka likamkaa. Sasa ni mtu mzima mwenye ndevu, na akitaka chumvi huitazama tu mpaka mtu amsogezee.

"Mbona huyu hakufa?" mama mkwe aliuliza, akimnyooshea mwanawe kidole kama anayeonyesha mbuzi mnadani. "Tusi halitoboi ngozi. Kinachoua ni damu, na damu ya kuongezwa iko pale tu. Heri nusu shari kuliko shari kamili."

"Kwa hiyo mjukuu wako aanze maisha kwa kutukanwa?"

"Wote tulianza hivyo. Yeye nani aanze na shairi?"

Fundi akafunga kilemba akaenda kutafuta pengine. Alianza na hospitali ya vioo, ambako watoto huzaliwa wakisema "Karibu tena." Walimwonyesha mapazia, wakamwonyesha maua. Akauliza, damu isipokatika mnafanyaje? Mpokezi akatabasamu vizuri. "Tunakupeleka hospitali kubwa, mama. Gari letu lina kiyoyozi."

Akaenda kwa mkunga wa mtaani, mwanamke mpole, mikono yake laini kama unga. Kwake watoto hutoka wakisema "Njoo, kipenzi changu." Wawili walikaribishwa hivyo mwaka jana, wakakaribishwa vizuri sana, ila mama zao hawakubaki kusikia.

Alirudi nyumbani miguu imevimba. Mama mkwe alikuwa ameshapanga beseni, shuka na wembe mpya karibu na mlango.

"Umemaliza utalii?"

"Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, mama."

"Nimekilalia mara sita. Kunguni wake nawajua kwa majina."

Fundi akakubali, shingo upande. Lakini hakukubali mikono mitupu. Alijiandalia sentensi. Aliwaza kwamba mtoto huchukua maneno ya mwisho, na hakuna aliyesema lazima yawe ya sista. Yakiwa ya mama yake, atayachukua hayo. Alichagua "Karibu, tulikungoja." Ilikuwa fupi, ili uchungu usiikate katikati. Aliifanyia mazoezi kwenye cherehani, mguu ukikanyaga, mdomo ukisema, mpaka ikawa akishona pindo lolote sentensi inakuja yenyewe. Mama mkwe alimsikia. "Uchungu utakuja kukufuta hayo maneno kama maji yanavyofuta chaki," alisema, akaendelea kuchambua maharage.

Uchungu ulianza alfajiri. Mumewe aliwapeleka kwa lori. Mlinzi wa hospitali alimpitisha Fundi na kumzuia mama mkwe. Akamwambia angoje saa ya kuona wagonjwa kama binadamu wengine. Mama mkwe akamtukana, "Mtoto wa nje wewe!", akazunguka ukuta mpaka akapata dirisha la wodi ya wazazi, akaligeuza beseni akalikalia.

Ndani, sista wa usiku alimpima Fundi bila kumtazama usoni. "Bado. Na usinipigie kelele, wewe si wa kwanza kuzaa."

"Sista, naomba kitu kimoja. Mtoto akitoka, usiseme neno."

Sista akaacha kuvua glavu. "Umekuja kuzaa au kunifundisha kazi? Nitasema nitakalo."

"Basi na mimi nitasema baada yako."

"Tutaona nani ana pumzi."

Hawakuwahi kushindana. Ilikuwa inaingia saa ya makabidhiano, zamu ya usiku inapokabidhi kazi kwa zamu ya asubuhi. Saa hiyo wa usiku ameshaondoka moyo, na wa asubuhi hajafika mwili. Sista alikwenda chumba cha pili, mlango ukafungwa, na Fundi akasikia vijiko vikikoroga chai. Mtoto akaja wakati huo huo.

Kichwa kikatoka, na mwili ukafuata. Fundi akampakata, sentensi iko mdomoni, tayari. Kisha akasikia joto likimwagika chini ya mapaja. Likaendelea kumwagika, na shuka likawa zito. Pumzi iliyobaki ilitosha jambo moja tu. Akaita:

"Kuna mtu? Jamani, kuna mtu?"

"Nipo!" mama mkwe alijibu kutoka dirishani. "Nipo hapa! Ita kwa nguvu, mwanangu, ita!" Akaanza kugonga ukuta kwa beseni. Mlinzi akaja mbio kumwambia asibomoe mali ya umma.

"Kuna mtu?" Fundi aliita tena, na safari hii sauti zilikuwa mbili.

Sista wa asubuhi aliingia akifunga aproni. Alikuwa na mikono inayojua kazi. Alikandamiza, akadunga sindano, akatundika chupa ya damu, na damu ikakatika kabla chai yake haijapoa. Ndipo akasema, "Nani alikutuma uzae saa ya makabidhiano?" Lakini alikuwa amechelewa. Mtoto alikuwa ameshachukua maneno yake. Alikuwa wa kike, amelala kifuani, macho darini, akiuliza kwa sauti ya mama yake: "Kuna mtu? Jamani, kuna mtu?"

Sista alimsikiliza kidogo. "Wa makabidhiano," alisema. "Wodi ya nyuma."

Wodi ya nyuma ilikuwa imejaa. Kila mtoto aliuliza swali hilo hilo, kila mmoja kwa sauti ya mama yake, na swali likawa linapokezanwa kitanda hadi kitanda kama ndoo kisimani. Pembeni kulikuwa na kitanda chenye mtoto peke yake. Aliuliza kwa sauti ya mwanamke ambaye shuka lake lilikuwa limeshabadilishwa. Ukutani palibandikwa bango: WAGENI MSIWAJIBU WATOTO.

Mchana sista mkubwa alipita kukagua. Fundi akamuuliza kwa nini makabidhiano yasifanyike humu humu, kando ya vitanda.

"Tulijaribu," sista mkubwa alisema. "Kwa kelele hizi tungesikilizanaje?" Akalinyoosha bango lililokuwa limepinda, akaenda.

Mama mkwe alipofunguliwa geti alipita chini ya bango bila kulisoma. Kila mtoto alipouliza, alijibu, "Nipo." Mpaka mlinzi akamtoa.

Nyumbani vita viliendelea palepale vilipoachwa.

"Mwanao ana maswali," mama mkwe alisema siku ya kwanza, baada ya kuamka na kujibu mpaka sauti ikamkauka.

"Swali ni lako, mama. Wewe ndiye uliyechagua."

"Na jibu ni wewe. Uko hai, unanijibu jeuri."

Hakuna aliyemshinda mwenzake, kwa sababu wote wawili walisema kweli. Mama mkwe akamgeukia mwanawe. "Na wewe, baba mtu, mwambie mwanao neno." Dereva akainama juu ya mtoto. Akafungua mdomo, akatafuta, na lililotoka ni lile lile alilozaliwa nalo. Fundi alimtazama mpaka akachukua funguo za lori akatoka nje.

Mke wa muuza mkaa alipita na beseni kichwani, tumbo mbele, akielekea ukuta wa kijani kwa mara ya pili.

"Usifike saa ya makabidhiano!" mama mkwe alimpigia kelele kutoka mlangoni.

"Mimba haina saa, bibi," mwanamke alijibu, asigeuze shingo, beseni lisije likaanguka.

Jua lilipokuwa kali watu wakaingia ndani. Dereva alilala garini, milango wazi. Mama mkwe alilala ameketi, mdomo umebaki nusu ya "nipo". Fundi alibaki peke yake na mtoto, na kila alipoulizwa alijibu, "Karibu, tulikungoja." Mtoto alimsikiliza kwa adabu, kisha akauliza upya. Wakaendelea hivyo mpaka kichwa cha Fundi kikaanguka juu ya cherehani.

Jirani wa ukutani anasema mtoto aliuliza tena mara mbili, taratibu, nyumba nzima imelala. Hakujibiwa. Hakulia wala hakushangaa. Alingoja kidogo, kama anavyongoja mtu anayeijua foleni, kisha naye akalala.